Mwongozo kamili: Kukusanya treni za zamani za kuchezea za Marekani ukiwa Ulaya

Naongelea zile treni za umeme za bati na chuma walizokuwa wananunuliwa watoto wa Kimarekani kabla na baada ya vita kuu ya pili, Lionel, American Flyer, Ives, Marx na wenzao, na naongea na mtu anayeishi huku Ulaya. Maana ukisoma maelezo ya Wamarekani wenyewe utaambiwa habari za rangi, namba na maboksi mpaka uchoke, lakini hakuna anayekwambia kwamba ukiichomeka ile transfoma yao moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani Hamburg au Rotterdam unaiunguza hapo hapo. Kwa hiyo mpangilio wangu ni umeme kwanza, reli pili, kichwa cha treni baadaye. Najua inauma, wote tunataka kuanza na kichwa chenyewe, lakini kichwa bila umeme wake ni pambo la kabatini.

HATUA YA 1: Amua unakusanya kipi

Lionel ilianzishwa New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen. Mwaka 1906 wakatoa reli ya upana wa milimita 54 hivi wakaiita Standard Gauge (sio SGR ya Dar au Mombasa wakuu, hii inatandikwa sebuleni), halafu 1915 wakaingiza O ambayo ni milimita 32. Ile kubwa ikafifia miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka, O ikabaki ndio mfalme. 1942 utengenezaji ukasimama kwa sababu ya vita, viwanda vikapewa kazi za jeshi, wakarudi 1945. Ndio maana wakusanyaji wanagawa mambo mafungu mawili: kabla ya vita, yaani mpaka 1942, na baada ya vita, yaani 1945 mpaka 1969. Kuanzia 1970 jina lilikuwa mikononi mwa General Mills, wale wa nafaka za kifungua kinywa, na vitu vya kipindi hicho ni vya bei nafuu na sio vibaya ila wakusanyaji wengi wanavipita tu.

American Flyer ilianza Chicago 1907, mwaka 1938 akainunua A.C. Gilbert akaihamishia New Haven, Connecticut, na baada ya vita akaja na S, reli mbili za upana wa milimita 22.5. Inapendeza zaidi machoni kwa sababu haina ile reli ya tatu ya kupitishia umeme iliyo katikati ya reli za Lionel. Ives wa Bridgeport walikuwa wakubwa zamani, wakafilisika 1928. Marx ni bati la bei ya chini lililouzwa kwa wingi sana, na kwa anayeanza na mfuko mwembamba ni mlango mzuri mno.

Na msidhani hizi treni hazina undugu na Ulaya. Dorfan ya Newark, New Jersey, iliyoanza 1924, ilikuwa ya ndugu wawili waliotoka Nuremberg, jiji la midoli la Ujerumani. Sehemu ya kazi ya bati ya Lionel za Standard miaka ya 1920 ilifanyika Naples, kwenye kiwanda cha La Precisa, maana bosi wa kiwanda cha Lionel, Mario Caruso, alikuwa Mwitaliano. Na Lionel walipotaka kuingia kwenye treni ndogo za HO mwaka 1957, aliyewatengenezea ni Rivarossi wa Como, Italia. Hizo za Rivarossi zenye jina la Lionel kwa mtu wa Ulaya ni kitu cha kuchekesha kukusanya, kimezaliwa huku kikaenda kule, sasa unakirudisha.

Ushauri wangu kwa anayeanza: Lionel ya O ya baada ya vita. Vipuri vipo mpaka leo, mota zake ni imara kupita kiasi, na fundi yeyote anayejua feni au cherehani ataielewa. S ya American Flyer iache kwanza, kwa sababu huku S haikushika. Karl Bub wa Nuremberg alijaribu baada ya vita, na Ujerumani Mashariki kiwanda cha Stadtilm kikatoa za kwake, zikaisha, kwa hiyo kila kipande cha reli utakuwa unakitoa ng'ambo. Na Dorfan usiguse mpaka usome huko chini habari ya zinki.

HATUA YA 2: Umeme, hapa tulia kabisa

Marekani ni volti 120 na Hz 60. Huku ni volti 230 na Hz 50. Watu wengi wanaona tofauti ya kwanza tu, wanatafuta kitu cha kushusha volti na wanaona wamemaliza. Hapana. Chuma kilichomo ndani ya transfoma ya Lionel kimepimwa kwa Hz 60, ukiipa Hz 50 kwa volti zile zile, nguvu ya sumaku ndani ya chuma inapanda kwa asilimia 20, chuma kinashiba, joto linapanda na mvumo unakuwa mzito. Dawa yake ni kushusha volti kwa kiwango hicho hicho: 120 mara 50 gawanya kwa 60 unapata 100. Yaani ukiipa transfoma ya Kimarekani volti 100 za huku inakaa raha mustarehe. Kwa 110 bado ni sawa, itavuma kidogo na kupata vuguvugu, usiikamue mpaka mwisho wa uwezo wake. Kwa 120 kamili sipendi, hasa ukikaa masaa unacheza. Na usiogope kwamba treni itakuwa goigoi, ZW (transfoma kubwa ya Lionel) inayotoa volti 20 juu kabisa kwao itakupa karibu 17, na treni hizi zinatembea vizuri kati ya volti 8 na 16.

Sasa unahitaji transfoma ya kushusha, ile mafundi wanaita stepdauni. Ukubwa wake unategemea unachochomeka. Transfoma ya Lionel namba 1033 ni wati 90, ipe stepdauni ya wati 150 au 200. KW ni wati 190. ZW, ile kubwa yenye mikono miwili ambayo kila mtu anaiota, ni wati 275, hapo usikae chini ya 300 na mimi ningesema 500 kwa sababu stepdauni za bei poa zinaandikwa uwezo ambao hazina. Ipime kwa mkono: kitu cha wati 500 cha kweli kimejaa chuma na kinakuvuta bega, kama ni chepesi achana nacho.

Na hapa sikiliza vizuri. Kuna vile vidude vidogo vya wasafiri, vya kuchomekea mashine ya kukaushia nywele hotelini, vinaandikwa eti wati 1600 na vinaingia mfukoni. Hivyo sio transfoma, ni vya elektroniki vinavyokatakata umeme, na ukichomeka transfoma ya Lionel nyuma yake unaua vyote viwili. Nimeona mtu anamuuzia mwenzake kimoja sokoni kama "adapta ya treni", kwa uso mkavu kabisa.

Stepdauni nzuri unapata wapi? Ukiwa Ujerumani, maeneo yenye kambi za Wamarekani, Kaiserslautern na Ramstein, Stuttgart, Grafenwöhr, familia za wanajeshi zinazorudi kwao zinauza stepdauni zao nzito nzito kwa bei ya kutupa maana kwao hazina kazi tena. Ukiwa Uingereza kuna ile transfoma ya njano ya mafundi ujenzi, inayotoa volti 110 kwa ajili ya vifaa vya saiti, ipo kila duka la vifaa na ya mitumba ni rahisi sana. Ina faida moja zaidi, umeme wake umetenganishwa na wa ukutani na katikati umeungwa ardhini, hivyo waya yeyote ukiugusa ni volti 55 tu kwenda ardhini. Ubaya wake nyingi zimetengenezwa kwa kazi ya vipindi, drili inaunguruma dakika mbili inapumzika, kwa hiyo chukua ya uwezo mkubwa kuliko unaohitaji na uipumzishe.

Kabla ya kuchomeka transfoma yenyewe ya zamani, angalia waya wake wa ukutani. Mpira wa miaka ya 1940 na 50 unakuwa kama biskuti, ukikunja unapukutika na shaba inakuchungulia. Huo haufungwi utepe, unabadilishwa wote. Fungua sanduku, safisha, pima na mita kama kuna njia kati ya waya wa ukutani na bodi au vituo vya kutokea treni, isiwepo kabisa. Kama una rafiki fundi umeme mwenye mega, kile kipimo cha kuona kama waya unavuja umeme, mpelekee apime kwa volti kubwa, kazi ya dakika tano. Na laini unayochomekea iwe na kile kikatio cha usalama cha miliampia 30. Kwenye ZW na KW pia kuna kile kidude cha zamani cha kugeuza umeme kwa ajili ya filimbi, kimezeeka, wengi tunakitoa tunaweka dayodi ya kisasa ya senti chache. Halafu ongeza fyuzi ya haraka upande wa reli, kwa sababu kikatio chake cha ndani kinafikiria sana kabla ya kukata, na treni ikiacha reli ikapiga shoti, waya mwembamba ndani ya kichwa unaungua kabla transfoma haijaamka.

Njia mbadala, kama hutaki kabisa habari ya volti 110: mota za Lionel za zamani zinakubali umeme wa AC (unaogeuka-geuka, kama wa ukutani) na wa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) pia. Kwa hiyo zile kontrola za treni za bustani, za LGB au Piko, za ampia 5, zinaziendesha vizuri tu. Ila jua mambo mawili. Kwanza, ukigeuza chanya na hasi treni haigeuki, inaendelea kwenda kule kule, kwa sababu kugeuka kwake kunafanywa na kifaa cha ndani kinachoitwa E-unit, ambacho kila ukikata umeme na kurudisha kinasogea hatua: mbele, nyutro, nyuma, nyutro. Pili, na hii ndio inayowachanganya watu, filimbi ya Lionel inawashwa na umeme wa DC unaopandishwa juu ya AC, ndivyo ile swichi ya filimbi inavyofanya kazi. Sasa wewe ukiendesha kwa DC tupu, filimbi inalia kuanzia unapowasha mpaka unapozima, majirani watakuja. Chomoa waya wa relei ya filimbi kwenye behewa la makaa na maisha yanaendelea.

Transfoma za Märklin, kampuni ya Ujerumani, za treni ndogo za H0 (ndio hiyo hiyo HO) ambazo zimejaa Ujerumani kila soko la mitumba, hizo hapana. Nyingi zina wati 30 hivi, haziwezi kichwa cha Lionel chenye mota mbili kinachovuta mabehewa yenye taa, na ile kugeuza mwelekeo kwake inatupa pigo la volti 24 kwenye reli. Kwa kujaribu kichwa kidogo mezani sawa, kwa kuchezea hapana.

HATUA YA 3: Reli

Habari njema ni kwamba O ya Marekani na 0 ya Ulaya ni upana ule ule, milimita 32. Reli tatu za bati za Hornby au Märklin za zamani zinapitisha Lionel nyingi bila shida, na huku zinapatikana kwa ndoo. Kinachokataa mara nyingi ni maungio, pini hazilingani, kwa hiyo ukitaka kuchanganya tengeneza vipande viwili vya mpito na koleo na uvumilivu. Kwa macho pia utaona tofauti, kwa sababu Marekani wanapunguza mara 48 wakati Uingereza ni 43.5, ingawa Lionel nyingi za bei ya chini hazifuati kipimo chochote, zimefupishwa zipite kwenye kona.

Kona ndio jambo la pili. Lionel wana O yenye duara la kipenyo cha inchi 31 na ile ya chini zaidi yenye kipenyo cha inchi 27, wanaiita O27, na reli yake ni fupi kimo. Vichwa vikubwa vya O havipiti kwenye O27, vinakwama au vinagonga swichi, zile reli za njia panda. Muulize muuzaji seti ni ya ipi kabla hujalipa reli za kutosha kuzunguka ukumbi.

Usinunue reli zilizolika kutu ndani. Kutu ya juu inasafishika, ya kwenye tundu la pini haisafishiki na ndio inayokatisha umeme. Na zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria usizipeleke karibu na reli kabisa, kwa sababu kuanzia 1950 Lionel waliweka sumaku kwenye magurudumu ya vichwa ili vishike reli, wanaita Magne-Traction, na sumaku inazikusanya zile nyuzi zote na kuziingiza kwenye gia. Kwa sababu hiyo hiyo ukiweka kichwa cha namna hii kwenye reli za kisasa ambazo sio chuma, sumaku haina cha kushika, utamuona anateleza mlimani wakati umeambiwa anapanda.

HATUA YA 4: Wapi pa kutafuta

Nimeshataja maeneo ya kambi za Wamarekani Ujerumani. Uingereza ni Suffolk, karibu na Mildenhall na Lakenheath. Huko treni zilikuja kwenye makontena ya familia na nyingine hazikurudi. Masoko ya mitumba ya Jumapili asubuhi, fika mapema, uliza hata kama huoni, maana wengi wanaona ni midoli ya kizamani iko chini ya meza.

Minada: Vectis kule Thornaby, Special Auction Services wa Newbury, na Ladenburg kule Ujerumani wana minada ya midoli inayojulikana. Kitu cha Kimarekani kwenye mnada wa Ulaya mara nyingi kinawekwa mwishoni mwa orodha, kimeelezwa kwa sentensi moja, "seti ya Lionel na vitu mbalimbali", na waliokuja siku hiyo wamekuja kwa ajili ya treni za Ulaya za Märklin na Bassett-Lowke. Hapo ndipo dili lilipo. Mara nyingine hata picha ni moja tu, omba zaidi, wanatuma.

Maonyesho: Houten kule Uholanzi na Sandown Park karibu na London ni ya kwenda hata kama hununui, unajifunza kushika vitu mkononi. Halafu kuna mtandaoni, Kleinanzeigen, Marktplaats, Leboncoin, eBay. Tafuta kwa makosa pia: watu wanaandika "Lionell", au "treni ya Amerika ya babu" kwa lugha yao.

Kununua moja kwa moja Marekani ni sawa kwa vichwa na mabehewa, ila transfoma na reli usiagize, uzito unakula faida yote. Ukipata nafasi ya kusafiri, York, Pennsylvania, kunakuwa na mkutano mkubwa wa wakusanyaji mwezi wa nne na wa kumi kila mwaka, wa Train Collectors Association, chama kilichoanzishwa 1954.

Jambo moja la kuangalia kwenye madaraja ya hali ya kitu. Wamarekani wanatumia C-1 mpaka C-10, ambapo 10 ni mpya kabisa na 1 ni takataka, wengi wetu tunacheza kati ya C-5 na C-7. Wajerumani wengi wanahesabu kama shule zao, 1 ndio bora. Sasa ukiona "hali 2" kwenye mnada wa Ujerumani usikimbie, na ukiona C-2 kwa Mmarekani kimbia.

HATUA YA 5: Mpindue, usimwangalie usoni

Rangi ya juu inadanganya, tumbo halidanganyi. Kila kichwa unachokishika kigeuze kichwa chini miguu juu na uangalie kwa tochi.

Anza na zinki. Vitu vilivyomiminwa kwa aloi ya zinki iliyochafuka, hasa kwa risasi, vinaoza kutoka ndani miaka ikipita: vinavimba, vinapata nyufa kama udongo wa dimbwi lililokauka, mwisho vinapukutika mkononi. Vya kabla ya vita ndio hatari zaidi, angalia magurudumu na fremu, na Dorfan ndio mfano wa kitabuni wa ugonjwa huu. Hauambukizi, usiogope kukiweka kabati moja na vingine, ila hauna dawa. Dalili ya mapema ni kingo zilizojipinda na mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi. Ukiona huo, bei ishuke iwe ya vipuri au uache.

Kisha vichwa vya mfano wa dizeli ya F3, zile za kampuni ya reli ya Santa Fe, nyekundu na fedha, zilizotoka 1948 kwa namba 2333 na baadaye 2343. Hizi honi yake inatumia betri kavu kubwa, ile ya tochi, inayokaa ndani ya kichwa. Sasa fikiria mtoto wa 1955 aliyecheza Krismasi, akarudisha treni kwenye boksi na betri ndani, ikaenda darini, ikakaa huko miaka 40. Tindikali imekula fremu yote. Nje anang'aa kama jana, ndani ni unga mweupe na kijani. Muuzaji akikwambia "sijui kufungua", mwambie pole pole kwamba wewe unajua, na kama anakataa, umeshapata jibu.

Rola za kuchukulia umeme wa reli ya kati: zikiwa zimelika upande mmoja zinabadilika, sio shida. Waya wa ndani kama ni mgumu na unapasuka, hesabu saa moja ya kuchomea upya. Magurudumu yazungushe kwa kidole, yakigoma kabisa inaweza kuwa grisi iliyoganda tu, hiyo ni hoja ya kushusha bei na sio ya kukataa. Na kale kamkono kadogo kanakotokeza juu ya boila kwenye vichwa vya mvuke, ndio ka E-unit, kakiwa upande wa kufunga treni itakaa tu bila kusogea au itakwenda mwelekeo mmoja. Nimeshuhudia vichwa vizima vinauzwa kama "mbovu" kwa sababu ya hako kamkono.

Mabehewa yenye vituko ni matamu lakini yana mtego. Lile la maziwa la 1947, namba 3462, ambalo jamaa mwenye nguo nyeupe anafungua mlango na kusukuma makopo nje, halifanyi kazi kwenye reli ya kawaida, linahitaji kipande chake maalumu chenye reli mbili za ziada, pamoja na kijukwaa. Likiuzwa peke yake, hesabu na hivyo.

Feki. Kitu kinachofojiwa kuliko vyote ni seti ya wasichana ya 1957, kichwa chake cha waridi namba 2037-500 na mabehewa ya rangi laini. Iliuza vibaya wakati ule kwa hiyo ni adimu leo, na 2037 ya kawaida ni nyeusi na imejaa kila mahali, mtu anaipaka waridi anakusubiri. Fungua skurubu moja, angalia ndani ya tundu na chini ya ukingo wa boila: ukiona weusi chini ya waridi umeshapona kuingia mkenge. Pia nunua kwa pua, rangi mpya inanuka. Maboksi nayo yanafojiwa, yale ya machungwa na bluu, karatasi ya miaka 70 ina harufu na ulaini wake kwenye kona, la jana lina kingo kali na weupe wa ndani usio na historia.

HATUA YA 6: Forodha na hesabu zake

Kitu kikitoka Marekani, ushuru wenyewe wa treni za kuchezea EU kwa kawaida ni sifuri, kinachokuumiza ni VAT. Ujerumani 19, Uingereza 20, Uholanzi na Ubelgiji 21, Italia 22, Sweden 25. Na inapigwa juu ya bei pamoja na usafiri. Mfano kichwa cha euro 200, usafiri 60, uko Ujerumani: 260 mara asilimia 19 ni 49.40, jumla 309.40, halafu msafirishaji anaongeza ada yake ya kukulipia mlangoni. Ule msamaha wa vitu vidogo chini ya euro 22 uliondolewa Julai 2021, kwa hiyo hata kifuko cha brashi za kaboni kinatozwa. Ndio maana tunaagiza vipuri kwa pamoja, watu watatu wanne, parseli moja.

Kitu kilichopita miaka 100 kina hadhi ya kale, na VAT inashuka, Ujerumani 7, Uingereza 5. Lakini lazima muuzaji aandike mwaka na maelezo kwenye karatasi, "treni" peke yake haitoshi. Na usimwombe aandike zawadi ya dola 20, kikipotea au kikivunjika bima inakulipa hizo hizo 20. Uingereza na EU tangu Januari 2021 ni forodha kama kawaida, mnada wa Newbury kwa aliye Paris sio wa nyumbani tena.

Mwambie mtumaji afunge kichwa peke yake, kila kipande na karatasi yake, hakuna chuma kugusana na chuma, boksi ndani ya boksi. Kichwa cha kumimina kikigonga behewa la plastiki njia nzima kutoka Ohio, unapokea chenga.

HATUA YA 7: Kuwasha mara ya kwanza

Usichomeke siku kilipofika, hata kama mikono inawasha. Futa grisi ya zamani na spiriti, lakini plastiki na maandishi ya pembeni usiguse na spiriti, hapo ni kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Toa brashi mbili za mota, safisha ile sahani ya shaba zinapogusa mpaka ing'ae na mifereji yake mitatu isafishwe kwa kijiti cha meno. Tone moja la mafuta ya cherehani kila ncha ya ekseli, moja, sio kumwaga, na grisi kidogo kwenye gia. Ukitoa ekseli zenye sumaku usiziache wazi kwa siku nyingi, zibandike kwenye kipande cha chuma zisipoteze nguvu.

Weka kichwa reli, bila behewa, panda taratibu mpaka volti 8 au 9. Kikiunguruma bila kwenda, kisukume kidogo na kidole. Mvumo wa E-unit huku utasikika mzito zaidi kuliko kwenye video za Wamarekani, ni zile Hz 50, sio ugonjwa. Kikitembea mzunguko kadhaa, zima, gusa mota: vuguvugu sawa, ikiunguza kidole rudi kwenye brashi na mafuta. Cheche kidogo za bluu ni kawaida, za njano zinazoruka ni uchafu.

Kama una watoto nyumbani, rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo wacheze ukiwepo na wanawe mikono, na mdogo anayetia kila kitu mdomoni aangalie tu kwa mbali.

Kuhifadhi ni chumba mnachoishi, sio darini wala stoo ya chini. Unyevu wa huku wakati wa baridi unakula bati. Betri toa zote. Vichwa usivipange juu ya vingine, na boksi la asili lifunge kwenye mfuko wa karatasi isiyo na tindikali, sio nailoni inayofungia jasho. Ukishakuwa na vichwa vitatu vinne, andika namba, ulikonunua, bei pamoja na VAT na picha ya tumbo la kila kimoja, kwa sababu bima ya nyumba huku ikija kukuuliza inataka karatasi, na siku ukiuza cha ziada mnunuzi atakuuliza yale yale uliyomuuliza aliyekuuzia.